Mikono ya Atieno

Kuna siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ingawa mengi ya shule nimekwisha kuyasahau. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana ya kutwa, mlimani juu ya soko la Nyakoe, na Mwalimu Ombati wa Kiswahili aliingia darasani akauliza ni nani aliyekuwa na shairi alilolitunga mwenyewe. Niliinua mkono kabla hajamaliza swali. Nilikuwa nimezoea. Tangu shule ya msingi, wageni wakija, mimi Nyaboke ndiye niliyesimamishwa mbele nighani, na wenzangu walijua kwamba mkono wangu ukiinuka, wao hushusha yao.

Siku hiyo mmoja hakuushusha wake. Aliitwa Atieno, msichana mgeni, hana hata mwezi mmoja shuleni kwetu. Jamaa zake walitoka upande wa ziwani. Baba yake alikuwa karani mjini Kisii, na mama yake aliuza samaki pale sokoni Nyakoe. Mwalimu akatuambia tughani sote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Nilitangulia mimi. Shairi langu lilihusu elimu, ubeti kwa ubeti, vina vimekaa sawa, mizani haipungui hata moja. Niliyakaza macho kwenye ukuta wa nyuma kama nilivyofundishwa, mikono ikaning'inia ubavuni. Wenzangu wakanipigia makofi ya adabu.

Kisha akasimama Atieno. Kiswahili chake, nikuambie kweli, kilikuwa na mashimo. Alisema "maneno hii" na "kitabu yangu", kama tulivyosema wengi wetu huku bara tukishatoka darasani. Lakini hakuanza kwa neno. Alianza kwa kunyamaza. Alitutazama, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka tukaacha kupekua madaftari, ndipo akainua mikono yake miwili, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, akasema:

"Mikono ya mama inanuka samaki,
ndiyo maana yangu inanuka wino."

Hapakuwa na vina hapo wala baadaye. Mizani ilikwenda ilikotaka. Lakini mikono ile ilipaa samaki magamba mbele yetu, ikafunga mzigo, ikamfuta mtoto machozi kwa upande wa nyuma wa kiganja ili magamba yasimwingie machoni, na sisi tulioketi tuliviona vyote hivyo bila samaki wala mtoto kuwepo. Sauti yake ilipanda akiwa sokoni, ikashuka akiwa nyumbani. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi upesi. Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa anajifuta pua. Mwalimu Ombati alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Haya."

Na mimi? Mimi nilikuwa nimehesabu makosa yake ya ngeli. Yalikuwa kumi na moja. Mwenye wivu, mwanangu, ni mhesabu hodari sana wa makosa ya mwenzake.

Nakueleza haya kwa sababu ya mjukuu wangu Moraa. Juzi alifika hapa kwangu Nyaramba kutoka mjini Kisii, walikokuwa na mashindano ya haya mashairi yenu mnayoyaita slam, ya kusimama peke yako mbele ya kipaza sauti huku watu wakikupigia vidole badala ya makofi. Alikuwa amekuwa wa pili. Akanionyesha kwenye simu yule aliyemshinda, binti wa mchonga mawe kutoka Tabaka. Nikamtazama binti huyo mpaka mwisho. Alikuwa mzuri, mzuri kweli. Moraa akaizima simu na kusema, "Huyu anajifanya tu, Nyanya. Na hata Kiswahili chake hakijanyooka." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Sauti niliyoisikia ilikuwa yangu mwenyewe ya miaka ile. Basi niliyomwambia Moraa ndiyo ninayokuandikia na wewe.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Ombati alitangaza kwamba baada ya wiki mbili sote wawili tutaghani mbele ya shule nzima gwarideni, na shule ndiyo itakayochagua mmoja wa kwenda kushindana mjini. Kisha akanipa kazi. Kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka, nimsaidie Atieno kurekebisha ngeli zake. "Nyinyi si maadui," alisema. "Shule ni moja." Mwalimu alikuwa mtu mwema, na watu wema mara nyingine hawajui wanachokiweka mkononi mwa mtu.

Kila mchana tuliketi nyuma ya maabara, mimi na Atieno, tukiwa na daftari lake. Siku za kwanza nilimsaidia kwa haki. Alijifunza haraka, na hakuona haya kuuliza. Nilipomwambia "maneno haya", alirudia mara tatu, akacheka, akaendelea. Alinigawia chakula chake. Alinisifu pia. Aliniambia angetamani kuwa na sauti safi kama yangu. Na kadiri alivyokuwa mwema, ndivyo nilivyozidi kumchukia, kwa maana makosa niliyokuwa nikijifariji kwayo yalikuwa yanakwisha, na mimi ndiye niliyekuwa nayafuta kwa kalamu yangu. Nyumbani nilisimama mbele ya kioo cha nyanya yangu nikaijaribu ile mikono. Haikunikubali. Nilionekana kama mtu anayefukuza nyuki.

Ikafika Jumatano, siku mbili kabla ya gwaride. Atieno alighani shairi lote kutoka mwanzo hadi mwisho, na ngeli hazikuwa na kosa. Akaniuliza, "Sasa imebaki nini?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Nilitembea nikijua ninakokwenda.

"Imebaki mikono," nikamwambia.

"Mikono yangu iko na shida gani?"

"Sipendi kukuambia. Lakini mimi ni rafiki yako. Ile siku ulipoghani darasani, wasichana walikucheka. Walisema unafukuza kuku. Na huku kwetu, msichana akirusharusha mikono na kulialia mbele za watu, husemwa hakulelewa."

"Nani walicheka?"

"Wengi. Usiniulize majina."

Akaitazama mikono yake, akaiingiza katikati ya magoti. "Asante kwa kuniambia," akasema. "Wengine wangeniacha niaibike."

Hakuna aliyemcheka, mwanangu. Hata mmoja. Tangu siku ile darasani, wasichana walikuwa wakiyasema maneno yake ya mikono ya mama wakiwa kwenye foleni ya maji.

Ijumaa ikafika. Mimi nilighani yangu kama kawaida. Atieno akasimama mbele ya shule nzima akiwa ameifungia mikono nyuma ya mgongo, kidole kwa kidole, kama mtu aliyekamatwa. Hakututazama. Macho aliyaweka juu ya ukuta, mahali pale pale nilipokuwa nikiyaweka yangu. Maneno yalikuwa yale yale, sasa bila kosa hata moja, na yalitoka kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Alipofika pale pa mtoto na machozi, niliona mabega yake yakitikisika. Mikono ilitaka kutoka. Akaizuia. Na alipoizuia mikono, maneno nayo yakakwama. Alisimama kimya kwa muda mrefu, na kimya hicho hakikuwa kama kile cha kwanza. Halafu akasema, "Naomba msamaha," akashuka, akapita katikati ya mistari ya wanafunzi mpaka darasani.

Nikachaguliwa mimi. Na nisikudanganye, nilifurahi. Furaha yenyewe ilikuwa na ladha ya kitu kilichoungua, lakini niliila.

Mjini nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka hufunika uso. Niliichukua mikono ya Atieno. Niliinua yangu miwili, nikaitazama kama alivyoitazama yake, katika shairi langu la elimu ambalo halikuwa na mkono wowote ndani yake. Nilipomaliza, mmoja wa waamuzi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alisema mbele ya ukumbi mzima, "Binti, mikono yako inasema jambo ambalo mdomo wako haulijui." Watu wakacheka kidogo. Nilirudi nyumbani bila zawadi, na hata hapo sikutubu. Nilimkasirikia Atieno, kana kwamba ndiye aliyeniuzia mikono mibovu.

Jumamosi iliyofuata nyanya yangu aliyenilea, Magokoro tulivyomwita, alinichukua sokoni Nyakoe nimbebee mzigo. Alitaka omena. Hakupita kwa wauzaji wengine; alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja aliyekuwa na kitambaa cha kijani kichwani. Mama huyo alitusalimu kwa Kigusii kizuri, "Bwakire buya," akaitazama sare yangu, maana sikuwa na nguo nyingine ya maana, akauliza jina langu.

"Nyaboke? Wewe ndiye Nyaboke?" Akaipangusa mikono kwenye aproni na kunishika mabega. "Atieno ameniambia habari zako. Alisema ndiwe uliyemsaidia Kiswahili. Na kwamba ndiwe peke yako uliyemwambia ukweli juu ya ile tabia yake ya mikono. Mimi nilikuwa naipenda tu, lakini mimi ni mama, nitajua nini? Mungu akubariki, mwanangu." Akampimia Magokoro omena, kisha akaongeza konzi mbili. "Hii ni ya Nyaboke," akasema.

Mikono yake ilinuka samaki, kama shairi lilivyosema.

Nyumbani Magokoro alizikaanga kwa nyanya na kitunguu, akapika ugali wa wimbi ninaoupenda. Sikuweza kumeza. Aliniangalia nikimega tonge na kulirudisha, nikimega na kulirudisha, mpaka akasukuma sahani yake pembeni. "Chakula hakijakukosea," alisema. "Sema ni nani aliyekosewa."

Nikamwambia yote. Nilitarajia kofi. Magokoro hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini alisukuma kuni motoni, kisha akazungumza polepole, kwa Kigusii, na nitajaribu kukuwekea maneno yake kama yalivyokuwa.

"Mimi pia nimewahi kuona wivu," alisema. "Nilimwonea wivu mke mwenzangu kwa sababu ya sauti yake ya kuimba kwenye harusi. Wivu si dhambi yako. Umekujia kama mafua, bila kuitwa. Dhambi yako ni kwamba uliuvika nguo za rafiki ukautuma kwa mtoto wa watu. Ungemwibia daftari, angejua ameibiwa. Wewe umemwibia, na yeye amekuambia asante. Umemfanya aionee aibu mikono iliyomfuta mtoto machozi. Mama yake amekuombea baraka, nawe umeibeba mpaka hapa kwangu, na sasa tumeipika."

Nililia. Hakunituliza.

"Jumatatu utamwendea," alisema. "Na usimwambie 'nisamehe kama nilikukosea'. Hiyo 'kama' iache hapa nyumbani. Utautaja uongo kwa jina lake."

Jumatatu nilimkuta Atieno darasani peke yake. Alikuwa ameikalia mikono yake, viganja chini ya mapaja. Nilikuwa nimemwona akikaa hivyo wiki nzima, na nilidhani ni baridi. Nikamwambia: hakuna aliyekucheka, hakuna aliyesema kuku, nilitunga, nilitunga kwa sababu ulikuwa umenishinda.

Hakukasirika kwanza. Alikuwa anafikiri. "Kwa hivyo hawakucheka," akasema.

"Hawakucheka."

"Hata kidogo."

"Walikuwa wanalia, Atieno."

Hapo ndipo alipokasirika. Alisimama, na mikono yake ikatoka. "Uliniambia mimi peke yangu," alisema, "lakini nilianguka mbele ya wote. Sasa unaniambia tena peke yangu, uende nyumbani ukalale vizuri. Hapana. Enda gwarideni useme huko."

Nilimwomba aniache. Nilimwambia nitafanya chochote kingine. Alichukua daftari lake akatoka nje.

Siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Ijumaa nikamwomba Mwalimu Ombati dakika moja, nikasimama pale pale nilipozoea kusimama. Nilitafuta ule ukuta wa nyuma, na macho yangu hayakuuona, yaliona watu. Niliona wasichana wadogo wa kidato cha kwanza ambao walikuwa wakitaka kuwa kama mimi. Nilimwona Atieno kwenye mstari wa tatu. Sikuwa na vina. Nilisema, "Nilimdanganya Atieno," na sauti yangu ikapasuka katikati ya jina lake, nikaanza upya. Mkono wangu mmoja ulikwenda wenyewe kifuani, sikuutuma. Nilisema niliyoyafanya, siku ya Jumatano, nyuma ya maabara, neno kwa neno. Hakuna aliyenipigia makofi, na sikustahili. Muhula mzima hakuna aliyetaka kukaa nami dawati moja.

Nilipokuwa nikirudi kwenye mstari, Mwalimu Ombati aliniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Leo ndiyo mara ya kwanza nimekusikia." Nilimchukia kwa maneno hayo. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikayaelewa.

Atieno hakunirudishia urafiki. Ningependa kukuambia kwamba alinikumbatia, lakini sivyo ilivyokuwa. Alinisalimu, nikamsalimu, basi. Siku ya wazazi, muhula uliofuata, aliombwa aghani, na mama yake alikuwa ameketi safu ya mbele na kile kitambaa cha kijani. Atieno alianza akiwa ameishika mikono pamoja tumboni. Mstari wa kwanza ulipita hivyo, na wa pili. Kwenye mstari wa tatu kidole kimoja kikafunguka, kisha kiganja, kisha yote miwili ikatoka, ikapaa samaki mbele ya wazazi wote, na mama yake akaanza kuifuata kwa mikono yake mwenyewe pale alipoketi, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Unadhani wivu ulikuwa umekufa? Ulikuwepo, umenikaa kooni kama mwiba. Alikuwa mzuri kuliko mwanzo. Lakini nilipiga makofi nikiwa nao humo humo kooni, nikapiga mpaka viganja vikaniwasha, nikagundua kwamba mtu anaweza kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwisho wa mwaka baba yake alihamishwa kazi, wakaondoka, na sijamwona tena. Nimefundisha watoto kughani kwa miaka mingi tangu hapo, na sijawahi kumwambia mtoto yeyote kwamba anachekwa.

Sasa sikiliza, mwanangu, unayejiandaa kupanda jukwaani.

Ujasiri si kukaza macho ukutani. Watazame watu, maana hao ndio uliokuja kuwaambia. Usiogope kunyamaza kabla ya kuanza. Kimya cha anayejua anachotaka kusema ni sehemu ya shairi. Mikono usiipangie kazi mbele ya kioo. Sema jambo ambalo limekuuma au limekupendeza wewe, kwa pumzi inayotosha, na mikono itajua pa kwenda. Ukiazima ishara za mwenzio bila kuazima maisha yake, utaonekana unafukuza nyuki.

Na atakapotokea wa kukushinda, kwa maana atatokea, usisafirie nyota yake. Mwendee umwambie, "Pale ulinishinda, ulifanyaje?" Neno hilo ni gumu mdomoni kama kokwa, lakini mwenye kulisema hujifunza kwa siku moja kitu ambacho mwenye wivu hakipati kwa mwaka. Ukiona huwezi kulisema, basi funga mdomo. Usimshauri mtu unayemwonea wivu mpaka roho yako itulie; hata ushauri mzuri ukipita katika koo lenye wivu hutoka na sumu.

Na ukiwa wewe ndiye Atieno, akija mtu wa kukuambia kwa upole kwamba watu wanakucheka, muulize ni nani, na lini, na wapi. Akikosa majina, usiikalie mikono yako.

Moraa alinisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi alipokuwa akirudi mjini, nilimwona amesimama barabarani akiandika kwenye simu, akifuta, akiandika tena. Nilimuuliza anamwandikia nani. "Yule wa Tabaka," akasema, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayekunywa dawa ya mwarobaini.

Basi nenda, mwanangu. Mungu aipanue pumzi yako na kuusafisha ulimi wako. Akupe wa kukushinda wenye moyo mwema, na siku utakaposhinda wewe akupe macho ya kumwona aliyeketi akiwa ameikalia mikono yake, umwambie aiinue.